Tusimtwishe Libbok Mzigo wa Wateuzi



Nami natoa hapa dukuduku langu juu ya ubishi usiokwisha miongoni mwetu sisi washabiki wa mchezo wa raga. Najua kwamba wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa kandanda, na kwamba raga hapa Tanzania ni mchezo wa watu wachache. Lakini ubishi wenyewe hauna tofauti na ule wa Simba na Yanga ambao kila mmoja wetu anaujua: nani apangwe, nani akae benchi, na timu ikishindwa nani abebe lawama.

Ubishi ninaousema ni ule wa Manie Libbok, mchezaji namba 10 wa timu ya Taifa ya Afrika Kusini, Springboks. Ulianza usiku wa tarehe 23 Septemba 2023, katika mashindano ya Kombe la Dunia kule Ufaransa, pale Springboks waliposhindwa na Ireland 13-8 katika uwanja wa Stade de France, na mpaka leo haujazimika. Uliwaka tena Septemba 2024, Argentina waliposhinda 29-28 mjini Santiago del Estero na Libbok akakosa penalti ya dakika za mwisho. Ukawaka tena Agosti 2025 pale Ellis Park, Johannesburg, Springboks walipoongoza 22-0 kisha wakaachia pointi 38 mfululizo bila kujibu hata moja, Australia wakaondoka na ushindi wa 38-22. Hata siku hiyo, ambayo timu nzima ililala uwanjani, kuna bwana mmoja hapa Arusha aliyesimama akatutangazia kwamba kisa ni namba 10. Pointi 38! Nilishindwa hata kumjibu.

Kwa manufaa ya wale wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Kila timu ina wachezaji 15 uwanjani na 8 wa akiba. Mchezaji akiugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa adui, hiyo ni trai, pointi 5, na baada yake timu hupewa mkwaju wa nyongeza wenye pointi 2. Penalti ikipita katikati ya nguzo ni pointi 3. Mikwaju hii hupigwa mpira ukiwa umetulia chini, na kwa kawaida anayeipiga ni namba 10, yule anayepokea mpira kutoka kwa namba 9 na kuamua kama timu ikimbie, ipige mbele au ipeleke pembeni. Ndiyo kusema kwamba mtu mmoja hubeba kazi mbili zisizofanana. Kuendesha timu ni kazi ya macho na akili ya haraka. Kupiga mpira uliotulia, watu zaidi ya elfu 70 wakikuzomea, ni kazi nyingine kabisa. Wako waliojaliwa zote mbili, na wako waliojaliwa moja.

Libbok amejaliwa ile ya kwanza kupita kiasi. Huyu ndiye aliyekuwa namba 10 wa Stormers ya Cape Town walipotwaa ubingwa wa kwanza wa United Rugby Championship mwaka 2022. Na katika mchezo wa kwanza wa Kombe la Dunia 2023, mjini Marseille, Springboks walipowafunga Scotland 18-3, aliupiga mpira kwenda upande wa kulia huku uso wake ukitazama kwingine, ukamfikia Kurt-Lee Arendse akafunga trai. Siku ile hakuna aliyesema kwamba Libbok hafai. Tulicheka kama watoto.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe wa Ireland, maana watu hubishana juu yake kana kwamba hawakuuona. Springboks walipata penalti moja ya Libbok na trai moja ya Cheslin Kolbe, basi, pointi 8. Mikwaju minne ikapotea: penalti tatu na nyongeza moja. Jumlisha mwenyewe msomaji, ni pointi 11, na tofauti ya mwisho ilikuwa pointi 5. Hesabu hii ndiyo ambayo washabiki huishika kama msahafu. Lakini wanaoishika hawasemi kwamba katika ile minne, miwili haikupigwa na Libbok. Ilipigwa na Faf de Klerk, namba 9, nayo ilikuwa ya mbali. Jina la de Klerk silisikii likitajwa katika lawama. Wala hawasemi kwamba mwanzoni mwa mchezo ule Ireland walipoteza mipira kadhaa ya kurusha kutoka pembeni, zawadi ya bure kabisa, na Springboks hawakuitumia. Wala hawasemi kwamba mwishoni timu ilikuwa karibu na mstari wa Ireland, wakasukuma kwa pamoja, na Waayalandi wakawazuia. Hapo napo palihitaji mguu wa Libbok?

Hata hivyo sitaki nionekane kama wakili wa kijana huyu. Mkwaju uliokosa umekosa. Mchezaji wa timu ya Taifa hulipwa kwa kazi hiyo, na mshabiki ana haki ya kusema kwamba kazi haikufanyika. Hoja yangu ni kwamba lawama imepelekwa kwenye nyumba siyo. Yapaswa kupelekwa kwa walimu na wateuzi, yaani Jacques Nienaber aliyekuwa mwalimu mkuu wakati ule, na Rassie Erasmus aliyekuwa mkurugenzi wa raga na ambaye tangu 2024 ndiye mwalimu mkuu.

Tukumbuke jinsi timu ilivyoteuliwa. Mwezi Agosti 2023 yalitajwa majina ya wachezaji 33 wa kwenda Ufaransa. Handré Pollard hakuwamo, kwa kuwa alikuwa akiuguza msuli wa mguu. Pollard ndiye aliyefunga pointi 22 katika fainali ya 2019 kule Yokohama, Springboks walipowachapa Waingereza 32-12. Si mtu wa kusahaulika hivi hivi. Aliyebaki kama mpigaji mkuu akawa Libbok, na wengine kama de Klerk wakawa wa kusaidia. Uamuzi huo ulikuwa na hatari, na walimu waliijua. Mtu aliye mgonjwa huwezi kumsubiri bila mwisho, hilo nakubali. Lakini ukiamua kwenda vitani na bunduki moja, usije ukailaumu bunduki.

Kisha Malcolm Marx akaumia goti mazoezini. Marx ni namba 2, yule anayekaa katikati ya mstari wa mbele katika skramu na ambaye pia huurusha mpira kutoka pembeni. Kanuni za mashindano ziliruhusu aliyeumia abadilishwe, wala hazikulazimisha anayekuja awe wa nafasi ile ile. Walimu wakafanya jambo lililowaacha wengi midomo wazi: badala ya kumwita namba 2 mwingine, wakamwita Pollard, ambaye wakati huo alikuwa amepata nafuu. Timu ikabaki na namba 2 mmoja tu wa kweli, Bongi Mbonambi, na nyuma yake Deon Fourie, mchezaji ambaye kazi yake hasa ni ya pembeni ya skramu.

Angalieni basi kilichotokea siku ya Ireland. Pollard alikuwa amekwisha kuitwa, lakini hakuwekwa katika wachezaji 23 wa siku ile. Na katika wachezaji 8 wa akiba, walimu waliweka 7 wa mbele na mmoja tu wa nyuma, Cobus Reinach, ambaye ni namba 9. Kwa kawaida timu huweka 5 wa mbele na 3 wa nyuma, au ikijitia ushujaa, 6 na 2. Hii ya 7 na 1 Springboks waliijaribu mwezi mmoja kabla, tarehe 25 Agosti, kule Twickenham, wakawapiga New Zealand 35-7, kipigo ambacho New Zealand hawakuwahi kukipata katika historia yao. Kwa hiyo walimu walikuwa na sababu ya kuiamini, na mimi mwenyewe naipenda, maana nikiwa kijana nilipata kucheza mstari wa mbele na najua raha ya kuona wenzako saba wenye nguvu mpya wakiingia kipindi cha pili. Lakini kila mpango una bei yake. Bei ya mpango huu ilikuwa kwamba, Libbok akishindwa kupiga, hakuna mpigaji mwingine wa kazi hiyo pale benchi. Ndiyo maana de Klerk akapewa mipira ya mbali. Hakuipigania, alipewa kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Kuna wenzangu hunijibu hivi: "Wewe unalalamika nini? Kombe si walichukua?" Ndiyo, walichukua. Robo fainali waliwatoa wenyeji Ufaransa 29-28. Nusu fainali wakawatoa Waingereza 16-15. Fainali, tarehe 28 Oktoba, wakawafunga New Zealand 12-11. Michezo mitatu, kila mmoja kwa pointi moja. Katika mchezo wa Ufaransa Pollard aliingia kipindi cha pili, akaongeza nyongeza ya trai ya Eben Etzebeth na penalti ya mbali. Katika ule wa Waingereza Libbok alitolewa hata kabla ya mapumziko, dakika ya 31, na Pollard ndiye aliyepiga ile penalti ya karibu mita 50 zikiwa zimesalia dakika chache. Na katika fainali pointi zote 12 zilitoka mguuni mwake, penalti nne, zote kipindi cha kwanza. Libbok hakuwamo hata katika wachezaji wa akiba.

Kwa hiyo watu husema Rassie ni mchawi, aliona mbali. Ndugu zangu, hapa ndipo mimi na wao tunapoachana. Kama goti la Marx lingekuwa zima, Pollard angeitwa kwa njia gani? Pengine asingeitwa kabisa. Mteuzi aliyemwacha nyumbani mpigaji bora, akampata kwa ajali ya mwenzake, sisemi hana akili, tena alikuwa hodari wa kuitumia ile ajali. Lakini kuona mbali siko huko.

Tena upande wa pili wa uamuzi huo nusura uwatokee puani. Katika fainali, mchezo haujafika hata dakika ya tano, Mbonambi akaumia na kutoka. Fourie, mwenye umri wa miaka 37, akacheza namba 2 karibu mchezo mzima wa fainali ya dunia. Alijitahidi kiume, lakini mipira ya kurusha kutoka pembeni ikaanza kupotea, na hiyo ndiyo silaha kubwa ya Springboks. Waliokolewa na mambo mengine: nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alipewa kadi nyekundu; Richie Mo'unga akakosa nyongeza ya trai ya Beauden Barrett; Jordie Barrett naye akakosa penalti ya mbali kuelekea mwisho. Mo'unga na Barrett ni wapigaji wazuri mno, na mmojawapo angefunga, leo tungekuwa tunamtukana Rassie kwa kwenda fainali na namba 2 mmoja. Uamuzi ungekuwa ule ule, wa mtu yule yule. Naona si haki kuupima kwa upepo uliovuma siku ile juu ya mpira wa mtu mwingine.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini. Wako wanaodai kwamba Libbok alipangwa kwa sababu ya rangi yake. Yeye anatoka Humansdorp, katika jamii ya wale ambao makaburu waliwaweka katika fungu la machotara. Pollard ni mzungu. Na kwa upande mwingine wako wanaodai kwamba kila anayemkosoa Libbok ni mbaguzi. Mimi nasema pande zote mbili zinautumia mguu wa kijana huyu kwa vita ambavyo si vyake.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kulisemea jambo hili. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine za Afrika, zaidi ya 20, zilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya raga hii hii. Timu ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu, na New Zealand hawakuondolewa katika Olimpiki kama tulivyotaka. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 na kumwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake, hakukimbia Montreal. Walker akachukua medali ya dhahabu. Wazee waliokuwapo wanakumbuka uchungu wake. Tulilipa bei hiyo kwa ajili ya uteuzi, kwa kuwa Springboks ya wakati ule ilikuwa timu ya rangi moja. Ilianza kucheza michezo ya kimataifa mwaka 1891, na mpaka 1981 ndipo mtu mweusi wa kwanza, Errol Tobias, alipovaa jezi ile katika mchezo wa kimataifa, tena dhidi ya Ireland hao hao. Miaka 90! Hata 1995, Mzee Mandela alipokabidhi kombe, uwanjani kulikuwa na Chester Williams peke yake. Siya Kolisi akawa nahodha mwaka 2018, akalinyanyua kombe 2019 na tena 2023.

Anayesema Libbok alipendelewa aniambie kwanza nani mwingine alikuwa mzima, mwezi ule wa Agosti, akiicheza namba 10 vizuri kuliko yeye. Jina hilo sijawahi kupewa. Huhamia haraka kwa Pollard, na Pollard alikuwa mgonjwa. Na hao wanaomtetea Libbok kwa kumwita kila mkosoaji mbaguzi, nao wanamkosea heshima, kwani wanamfanya kama yai ambalo haliwezi kuguswa. Mchezaji wa kweli hataki hivyo. Apimwe kwa kazi, kama Pollard anavyopimwa, kama de Klerk alivyopaswa kupimwa siku ile.

Nimetaja Argentina, Septemba 2024. Baada ya mkwaju ule uliokosa, washabiki walisema sasa basi, amekwisha. Wiki iliyofuata, mjini Nelspruit, Springboks waliwapa Argentina hao hao 48-7 na kutwaa ubingwa wa Rugby Championship. Na Septemba 2025, Sacha Feinberg-Mngomezulu alipofunga pointi 37 peke yake dhidi ya Argentina mjini Durban, rekodi mpya ya Springboks, nikasikia watu wale wale wakisema sasa hata Pollard astaafu. Yaani mtu aliyewaletea vikombe viwili! Siku kijana Sacha naye atakapokosa penalti moja ya mwisho, sijui watamtafuta nani.

Nimeishi Nairobi miaka kadhaa, na pale uwanja wa raga wa barabara ya Ngong nilijifunza kwamba mshabiki wa Kenya humzomea mchezaji wake kwa sauti kubwa, kisha mchezo ukiisha hurudi kumuuliza mwalimu kwa nini alimweka fulani na kumwacha fulani. Huko ndiko ningependa ubishi wetu uelekee. Benchi la wachezaji 8 lina maana kubwa kuliko tunavyodhani, na nani aliye juu yake hujulikana siku mbili au tatu kabla ya mchezo. Majina yale ya mchezo wa Ireland yalitangazwa mapema. Yeyote aliyetaka kuona hatari angeiona kabla mpira haujapigwa. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyepiga kelele siku ile. Wote tulikuwa tukiusifu mpango wa 7 na 1.

Namalizia kwa kumwuliza yule bwana wa hapa Arusha, na wote wenye mawazo kama yake, wanijibu kupitia ukurasa huu huu: tarehe 23 Septemba 2023, kama mwalimu angemtoa Libbok dakika ya 60, pale benchi angemwita nani akapige?

Mpenzi wa Raga,
Arusha.